Mtu wa Kukanyaga Pedeli

Vijana wangu, nasikia siku hizi mnajifunza ufundi kwenye simu. Sina ugomvi na simu. Hata mimi ninayo, mwanangu alininunulia, na nimemwona humo bwana mmoja akifungua injini nzima bila kuchafua shati. Kwanza nilimwonea wivu, kisha nikamtilia shaka. Fundi mwenye kucha safi namna ile, basi kuna mtu mwingine anayefanya kazi nyuma ya kamera.

Huyo mtu mwingine ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake. Mimi naitwa Fundi Bujiku. Nimetengeneza magari hapa Mwanza tangu nikiwa kijana nisiyejua kukaza nati mpaka leo ambapo nati ikidondoka naiangalia kwanza, nijiulize kama kweli ninaihitaji. Nimechomelea bodi, nimefunga nyaya, nimeshusha gia boksi na kuzirudisha. Kazi nyingi kati ya hizo mtu anaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani kwake, akiwa na vifaa na asipokuwa na papara. Lakini iko moja ambayo haimpendi mtu mmoja. Kutoa upepo kwenye breki.

Kwa asiyejua, nieleze. Breki za gari zinafanya kazi kwa mafuta. Ukikanyaga pedeli, mafuta yanasukumwa kwenye mabomba membamba mpaka kwenye tairi, yanabana, gari linasimama. Hewa ikiingia mle ndani pedeli inalegea, unakanyaga inazama mpaka chini, na gari linaendelea na shughuli zake. Dawa ni kuitoa hiyo hewa. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, anakanyaga mara kadhaa halafu anashikilia. Mwingine amelala chini, analegeza kinati kidogo nyuma ya tairi, mafuta yanatoka na mapovu, anakikaza. Hapo ndipo wa juu anaachia. Akiachia mapema, gari linavuta hewa mpya na mnarudi mwanzo.

Mzee aliyenifundisha aliitwa Elikana, Mjita wa upande wa Musoma, mfupi, mwenye sauti ambayo kwaya yoyote ingeitaka, ila kanisani alikuwa akikaa kiti cha nyuma na kusinzia. Gereji yake ilikuwa Nyakato, nyuma ya viwanda, uwanja wa changarawe uliokunywa oili miaka mingi hata majani yalikata tamaa ya kuota. Siku yangu ya kwanza hakunipa spana. Alinipandisha kwenye lori, akanikalisha kwenye kiti, akasema, "Leo wewe ni mguu na mdomo. Nikisema pampu, unapampu. Nikisema shika, unashika, na unaniambia umeshika. Usiponiambia, mimi huku chini sijui hata kama uko hai."

Nilidhani ananitania. Hakuwa na utani hata chembe. Kwake kila neno lilijibiwa. Pampu, napampu. Shika, nimeshika. Achia, nimeachia. Alikuwa akisema kwamba chini ya gari mtu hana macho, ana masikio tu, kwa hiyo aliye juu asimnyime sauti.

Tulikuwa na mwenzetu, Kulwa, mtu wa Kwimba, mpole kupita kiasi. Siku moja Mzee Elikana yuko chini ya pikapu, Kulwa yuko juu.

"Shika," Mzee akasema.

Kimya.

"Kulwa, umeshika?"

Kimya. Mzee akatambaa akatoka, ovaroli imejaa mchanga, akamkuta Kulwa ameikanyaga pedeli kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka.

"Mbona hujibu?"

"Nimejibu, mzee. Nimetikisa kichwa."

Mzee Elikana akamwangalia. "Mwanangu, mimi niko chini ya gari. Kichwa chako nakionea wapi?"

Tulicheka mpaka wauza uji wakaja kuuliza kuna nini. Kulwa mwenyewe alicheka kuliko sisi. Baadaye alikuja kuwa fundi mzuri wa kuchomelea, mshono wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu, na hilo nimelikubali baada ya yeye kurudi kwao Kwimba ambako hawezi kunisikia.

Msidhani kwamba gereji ni breki tu. Mimi hasa nilipenda nyaya. Kulikuwa na pikapu moja ya kubeba dagaa kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, dereva wake alikuja amekunja uso. Akikanyaga breki, indiketa zinawaka. Akiwasha indiketa, taa za nyuma zinafifia. Alikuwa ameshafunga hirizi kwenye usukani kwa sababu, alituambia, gari limechezewa na mshindani wake. Mzee Elikana hakumbishia. Alinituma nyuma ya taa, nikakuta ule waya unaofungwa kwenye bodi, waya wa arthi, umeliwa na maji ya samaki mpaka umebaki unga wa kijani. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye betri, unapita popote panapopitika, hata kwa jirani. Nikakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, nikafunga waya mpya, nikapaka grisi. Mambo yote yakatulia. Hirizi dereva hakuitoa, akasema kwa kuwa imeshafungwa haina ubaya.

Kwa hiyo nawaambia, taa zikileta vituko, kabla hamjanunua kitu chochote, tafuteni arthi. Na mkitaka kuchomelea gari, toeni kwanza waya wa hasi wa betri, hasa magari haya ya sasa yenye akili za kompyuta, maana yanaungua kimyakimya na mwenye gari hatawaelewa. Na msikodolee moto wa kuchomelea kwa jicho tupu kwa kisingizio cha kulenga vizuri. Macho hayaumi pale pale. Yanauma baadaye, ukiwa umeshaoga na umekaa mezani, unahisi mtu amekumwagia mchanga. Mimi yalinipata zaidi ya mara moja, maana ukaidi ninao. Mke wangu alinikanda kwa kitambaa cha maji baridi huku akiniuliza kama kioo cha kujikinga kilikuwa kimeenda likizo.

Sasa nimemtaja, nimseme vizuri. Aliitwa Veronika, Mkerewe, na ndiye aliyekuwa mguu na mdomo wangu kwa miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Ilianza hivi. Mzee Elikana alipofariki, watoto wake waligawana uwanja, gereji ikafa. Nikahamishia kazi nyumbani kwangu Pasiansi, chini ya kibanda cha bati. Wateja walinifuata, ila wenzangu hawakunifuata, kila mmoja alishika njia yake. Siku ya kwanza ya kutoa upepo nilisimama uani nikiangalia huku na huku. Veronika akatoka jikoni na ungo wa mchele, akapanda kwenye gari la mteja, akauweka ungo mapajani. "Ni ipi kati ya hizi tatu?" akauliza. Nikamwonyesha ile ya katikati. Akaweka mguu, mikono ikaendelea kuchambua mawe.

Yeye alijibu, lakini alijibu kwa namna yake. Hakuwahi kusema nimeshika akaishia hapo.

"Shika," namwambia.

"Nimeshika. Na Neema ana mchumba, ulikuwa unajua?"

Mimi huku chini mafuta yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Mchumba gani?"

"Niachie kwanza, au niendelee kushika?"

"Shika."

"Basi ni kijana wa Dodoma, ameajiriwa, anasali. Wazee wake wanataka kuja. Utawapokea au utawakunjia uso?"

Mtu aliyelala chini ya gari hana pa kukimbilia. Nikasema nitawapokea. Ndivyo mwanangu wa pekee alivyoolewa. Na mambo mengi ya nyumba yetu yaliamuliwa hivyo hivyo, mimi nikiwa chali, nikiona miguu ya kuku na ukingo wa khanga yake mlangoni mwa gari. Kuna magari ambayo yalikuwa yameshatoka upepo wote, yeye bado anashikilia kwa sababu hajamaliza habari yake. Mimi nikalalamika kwamba ananichelewesha. Mungu anisamehe kwa yale malalamiko.

Veronika ametangulia. Sitawaeleza ugonjwa, haukuwa na mafunzo yoyote. Baada ya msiba watu walikaa, wakala, wakaimba, wakaondoka, na mimi nikarudi kwenye kibanda changu. Kazi ilikuwa imeshapungua, macho yamechoka, nikaacha kupokea magari ya watu. Nikabaki na langu moja, pikapu kuukuu niliyoijenga mwenyewe kipande kwa kipande, bodi nimeichomelea mpaka sidhani kama imebaki sehemu iliyotoka nayo kiwandani.

Mkiniuliza ninachokikosa, nitawaambia bila aibu. Chakula najipikia. Nguo nafua. Ninakosa kujibiwa. Unasema jambo, hata la kipuuzi, kwamba maji leo yamekatika mapema, na linabaki palepale uliposimama. Ziwa naliona kutoka mlangoni, zuri kama siku zote, lakini nalo halijawahi kuniuliza kama nimekula.

Basi, siku moja natoka nyumbani nikishuka ule mteremko wenye mawe kuelekea barabara kubwa, nikakanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka chini. Nikapampu haraka, ikashika kidogo, ikazama tena. Mbele kulikuwa na watu wanasubiri bajaji. Sikuwa na mjadala, nikakata usukani nikaliingiza gari kwenye lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Likazima. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mwenye mchanga, yeye aliumia moyoni na akayasema yote. Nikashika koleo nikaurudisha mchanga wake mbele ya macho yake.

Habari ilimfikia Neema huko Dodoma kabla mimi sijamaliza kukung'uta suruali. Simu ikalia.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nimeambiwa."

"Umeambiwa nini?"

"Baba, usinifanyie hivyo. Hilo gari liuzwe. Na wewe uje huku, chumba kipo."

Chumba najua kipo, nimewahi kulala humo. Ni kizuri, kina vigae. Neema na mumewe wanaondoka asubuhi kwenda kazini, wajukuu wanakwenda shule, nabaki na dada wa kazi ambaye ananiheshimu mno hata hathubutu kuongea nami. Nilikaa kule nikajifunza kwamba kuna upweke wa kwako na kuna upweke wa kwa watu. Wa kwa watu ni mgumu zaidi, kwa sababu hata nyundo huna pa kuigonga.

Nikamwambia sitauza. Nikamsikia anavuta pumzi, na pale nilimsikia mama yake. "Basi tufanye hivi," akasema. "Pasaka nakuja. Utanipokea stendi ya Nyegezi kwa gari hilo hilo, na mimi ndiye nitakayeendesha mpaka nyumbani. Nikiona breki ni nzima, sitasema tena. Zikiwa sivyo, gari linauzwa na tunarudi wote Dodoma."

Nikakubali. Neno la Neema ni neno, hilo nalijua.

Ubovu wenyewe haukuwa wa ajabu. Raba za silinda ya tairi la nyuma kushoto zilikuwa zimechoka, mafuta yakavuja, hewa ikaingia. Nikaenda Nyakato kutafuta raba. Nilipofika kwenye uwanja uliokuwa gereji yetu nikakuta ukuta mpya, sakafu ya zege na duka la vipuri lenye kioo. Kijana mmoja akaniamkia vizuri, akanivutia kiti, akasema, "Kaa hapa kivulini, mzee, tutakuhudumia sasa hivi." Alikuwa mwema kabisa. Nilikaa pale nilipokuwa nikilala chini ya malori, nikaangalia zege, nikajisikia mgeni kuliko nilivyowahi kujisikia Dodoma.

Akaniletea raba, akaniuliza nani atanifungia.

"Mwenyewe."

"Na kutoa upepo, mzee? Tunaweza kutuma fundi akakusaidia."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ndiyo. Lakini kutumiwa fundi, mimi, kwenye uwanja ule. "Usijali," nikamwambia, "ninaye mtu wa kukanyaga."

Nikarudi nyumbani nikiwa sina mtu wa kukanyaga.

Raba nilizifunga vizuri, nikasafisha, nikajaza mafuta mapya. Kisha nikajaribu njia zote za mtu mmoja, na zipo, msiambiwe kwamba hazipo. Kwanza nilikata mti, nikauegemeza kati ya kiti na pedeli ili ushikilie. Nilipolegeza kinati, pedeli ikazama, mti ukadondoka, gari likavuta hewa na kunicheka. Nikajaribu chupa: unachomeka mpira kwenye kinati, ncha ya pili unaizamisha kwenye mafuta ndani ya chupa ili gari likivuta, livute mafuta, si hewa. Njia hii ni nzuri kwa gari lenye afya. Langu nati zake zimekwanguka, hewa ilipenya kwenye nyuzi za nati yenyewe. Nikaacha mafuta yashuke yenyewe taratibu, nikangoja huku nikinywa chai. Pedeli ikapanda kidogo, lakini ilikuwa laini kama ugali usioiva. Breki ya namna hiyo unaweza kuendea dukani ukiwa na bahati. Huwezi kumpa mwanao aendeshe kutoka Nyegezi kupita katikati ya mji.

Siku zilikuwa zinakwenda. Ikawa Jumatano Kuu, mabasi yalishaanza kujaa, Neema ameshaniambia kiti chake. Nikalala chini ya gari mara nyingine kuangalia kama kuna kitu nimekiruka. Na sijui ni nini, labda ni mazoea ya mgongo ukishagusa ardhi. Nikashika spana, nikaiweka kwenye nati, nikasema kwa sauti:

"Shika."

Na nikangoja. Vijana wangu, nilingoja kweli. Nilikuwa nimekaza masikio kama nilivyofundishwa, na kibanda kizima kilikuwa kimya, hata bati halikulia. Ndipo nikatambua ninafanya nini, na machozi yakanitoka yakashuka upande wa masikio, kwa sababu mtu aliyelala chali machozi yake hayana njia nyingine.

"Baba Neema," sauti ya mwanamke ikasema, "unaongea na nani humo chini?"

Nikaona miguu yenye ndala. Alikuwa Mama Akinyi, jirani yangu, Mjaluo wa Rorya, mjane tangu zamani, anakaanga samaki na kuwauza pale njia panda. Miaka yote tulikuwa watu wa salamu na mashtaka. Yeye anashtaki kelele za grenda yangu ya kukatia vyuma, mimi nashtaki kuku wake ambao wametaga kwenye kila kopo la nati nililonalo. Alikuwa amekuja kumfuata mmoja aliyelalia nyuma ya kiti cha pikapu.

"Naongea na gari," nikasema nikiwa palepale. Sikutaka anione uso.

"Inakujibu?"

"Halijibu."

"Mimi naongea na sufuria," akasema. "Nazo hivyo hivyo."

Nikajifuta kwa mkono wa ovaroli, jambo baya, maana mafuta ya breki yanachoma. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema kile ambacho ulishindwa kusema kule Nyakato. "Mama Akinyi, nisaidie kukanyaga breki. Sina mtu."

"Nipande mle ndani?"

"Ndiyo."

"Watu watasema nimeonekana kwenye kiti cha mbele cha gari lako."

"Gari halina breki, mama. Hatufiki mbali."

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka upande wangu wa uzio. Akapanda, gari likainama kidogo. Nikamweleza: ya katikati, pampu ni kukanyaga na kuachia, shika ni kukanyaga na kutulia, usiachie mpaka nikwambie, na unijibu kwa mdomo.

"Kwani nitajibu kwa nini kingine?"

"Wapo waliowahi," nikasema.

Tukaanza na tairi lililo mbali zaidi na silinda kubwa ya breki, nyuma kushoto, kama inavyotakiwa. Halafu nyuma kulia, halafu mbele, la karibu mwisho kabisa. Kila baada ya muda natambaa natoka kuongeza mafuta kwenye kikopo cha breki, maana kikikauka umefanya kazi bure, na yale yaliyotoka usiyarudishe hata yakionekana safi. Mara ya kwanza aliachia mapema. Nikamkaripia kwa sauti ya Mzee Elikana. Akanikaripia kwa sauti yake mwenyewe, kwamba yeye si mtumishi wangu na mafuta yake ya kukaangia yako jikoni yanangoja. Tukaendelea.

"Shika."

"Nimeshika, fundi."

"Achia."

"Nimeachia."

Tulipofika tairi la mwisho akasema, "Sasa imekuwa ngumu. Najiona nakanyaga jiwe."

"Ndipo mwisho wake hapo," nikamwambia. "Ikishakuwa ngumu hivyo, ujue upepo umeisha. Kazi imekwisha."

Akashuka, akamchukua kuku wake kwapani, akaenda zake kukaanga samaki.

Neema akaja. Nilimpokea Nyegezi, akaweka mkoba nyuma, akaomba funguo kabla hata hatujamaliza salamu. Akaendesha. Kwenye kila mteremko alikanyaga breki kwa makusudi, kali, mpaka nikajishika kwenye dashibodi. Tulipofika nyumbani akazima injini. "Zinashika, baba," akasema. Akakaa Pasaka nzima, akapika, akasafisha madirisha, akaniuliza maswali mengi kama mama yake. Siku ya kuondoka, pale stendi, alinishika mkono akasema, "Basi baki. Lakini nikwambie ukweli, nilikuwa naomba zisishike."

Nikarudi peke yangu. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa na nyumba yangu, gari langu na breki kamili, na nilipofungua mlango nikasema "nimerudi" kwa kuta. Nilikaa kwenye kiti nikajiuliza nilikuwa nashindania nini hasa.

Kwa hiyo, mnaojifunza kwenye simu, endeleeni, mtajua mengi kuliko sisi. Ila mkiwa bado na nguvu, zoeeni kumwita mtu. Mimi nilidhani kumwita mtu ni kushindwa kazi, na nikachelewa kujua. Sasa nimalizie kwa kosa la kiufundi ambalo Mzee Elikana angenifukuza nalo gereji.

Wiki iliyofuata, asubuhi, nilipiga jeki gari lisilo na ubovu wowote. Nikaweka mawe kwenye tairi za mbele, nikatoa la nyuma kushoto, nikapanga spana kwenye gunia. Kisha nikaenda kwenye uzio.

"Mama Akinyi, breki zimeingia upepo tena."

Alikuwa anaparua samaki. Akaniangalia, akaliangalia gari, akanawa mikono. Hakuuliza umeingiaje. Akapanda akakaa, mimi nikalala chini, nikaishika nati bila kuilegeza.

"Pampu, halafu shika," nikasema.

Nikasikia pedeli ikigota juu kabisa. Haikuzama hata kidogo. Aliyewahi kuikanyaga mara moja tu angejua, na yeye nilimfundisha mwenyewe. Nikafumba macho, nikingoja aniambie ameshagundua, ashuke, arudi kwa samaki wake.

"Nimeshika, fundi," akasema. "Wala usiharakishe, leo sina samaki wengi."